Picha za ultrawaidi ukiwa safarini: maswali ninayoulizwa kila mara

Kila nikirudi safari maswali ni yaleyale. Mmoja anauliza lenzi gani, mwingine mbona zake zinatoka ndogondogo, mwingine mbona sura zimevutika, kwahiyo nimeamua kuyajibu yote sehemu moja na kwa urefu, maana hii aina ya picha naipenda sana na inaniuma nikiona mtu anaitupa baada ya wiki moja kwa sababu tu hakuna aliyemwelekeza.

Ultrawaidi ni nini hasa, inaanzia milimita ngapi?

Ni lenzi pana sana, inayoona eneo kubwa kuliko za kawaida. Milimita za lenzi zikipungua upana unaongezeka, na wengi tunahesabu kuanzia chini ya milimita 24 kwa kamera ya fulufremu, yaani ile yenye sensa (kile kidude kinachopokea mwanga) ya milimita 36 kwa 24. Lenzi ya 50 inaona nyuzi kama 46 kutoka kona hadi kona, ya 24 inaona 84, ya 16 inaona 107 na ya 14 inaona 114. Cheki hapo mwisho, kutoka 16 kwenda 14 ni milimita mbili tu lakini umeongeza nyuzi saba, ndo maana huku chini kila milimita ina uzito wake wakati kule juu 200 na 202 huwezi hata kuzitofautisha.

Kama sensa yako ni ndogo ya APS-C zidisha kwa 1.5, Canon zidisha kwa 1.6, na Micro Four Thirds, ambayo sensa yake ni ndogo zaidi, zidisha kwa 2. Kwahiyo lenzi ya 10 kwenye APS-C ni sawa na kushika 15 hivi. Watu wengi wananunua lenzi ya 16 wakidhani ni ultrawaidi afu wakiifunga kwenye APS-C inakuwa kama 24, wanashangaa.

Simu yangu ina ile lenzi pana ya 0.5, inatosha au nitafute kamera?

Mchana kwenye mwanga inatosha kabisa, nasema kweli. LG waliweka lenzi pana ya pili kwenye simu ya G5 tangu 2016, na Apple walipoleta iPhone 11 mwaka 2019 ile 0.5 yake ilikuwa sawa na milimita 13, nyuzi 120. Upana wa namna hiyo kwenye kamera kubwa unabeba bonge la lenzi lenye kioo kilichovimba mbele, wewe unao mfukoni.

Shida ni mbili. Kwanza kwenye simu nyingi sensa ya 0.5 ni ndogo kuliko ile ya 1x, kwahiyo giza likianza kuingia picha inajaa chengachenga na kona zinalegea. Pili ni fokasi, yaani umbali ambao picha inatoka kali. Simu nyingi lenzi ya 0.5 imefungwa fokasi sehemu moja, ukisogea karibu sana kitu kinakuwa na ukungu, wakati nyingine zinajirekebisha zenyewe, mfano iPhone 13 Pro ya 2021 inakaribia mpaka sentimita 2. Pima yako kabla ya safari: nyoosha kiganja mbele ya lenzi, piga, sogeza kidogo, piga tena, mpaka uone mistari ya mkono inapoanza kupotea. Huo umbali ukariri, utauhitaji sana.

Na futa kioo. Hizi lenzi ndogo ziko palepale kidole kinaposhika simu, zina mafuta muda wote.

Nilipokuwa pale mlima ulikuwa mkubwa mpaka natetemeka, kwenye picha umekuwa kichuguu. Nimekosea wapi?

Hili ndo swali lenyewe, mengine yote yanazunguka hapa, kwahiyo nivumilie nieleze taratibu.

Mtu akifika sehemu kubwa akili inamwambia hapa pananizidi ngoja nichukue lenzi pana nivikusanye vyote. Anasimama palepale alipokuwa, anabonyeza 0.5, anapiga. Sasa hesabu yake iko hivi, ukitoka kwenye kamera ya kawaida ya simu kwenda 0.5 kila kitu kilichoko mbali kinapungua nusu kwa urefu na nusu kwa upana, yaani mlima unabaki na robo ya eneo lake. Ukitoka lenzi ya 50 kwenda 14 unapungua mara tatu na nusu. Nafasi iliyobaki inajazwa na nini? Anga tupu juu na udongo mtupu chini. Umekusanya vyote na hakuna hata kimoja kinachoonekana.

Lenzi pana kazi yake ni kukusogeza karibu. Chukua kitu kilichoko miguuni pako, jiwe, ua, kamba, ngazi, chochote, usogee mpaka kiwe sentimita thelathini kutoka kwenye kioo, halafu mlima ukae nyuma yake. Ukiwa umbali wa sentimita 60 na ukasogea mpaka 30 lile jiwe limeongezeka mara mbili, lakini mlima ulioko kilomita kumi haujabadilika hata chembe. Huo ndo uchawi wote wa hii lenzi, hatua moja ya mguu inabadilisha nusu ya picha na nusu nyingine inabaki vilevile. Kwahiyo hapo zumu haikusaidii, kinachosaidia ni magoti.

Nitoe mfano mmoja. Asubuhi moja nilikuwa ufukweni, ghuba imetulia, kuna kisiwa kwa mbali na boti zimepakiwa. Nilipiga kama picha ishirini nikiwa nimesimama, zote zinafanana, mstari wa maji, vidoti vya boti, kisiwa kama punje ya mchele. Nikakaa chini. Palikuwa na kamba ya nanga imelala mchangani kutoka kwenye boti, imeloa nusu, nusu nyingine imekauka na chumvi imeganda kwenye nyuzi zake, na karibu yangu ilikuwa na kifundo kikubwa kama ngumi. Nikashusha kamera mpaka kioo kikawa karibu kinagusa mchanga, kile kifundo kikachukua kona nzima ya chini kushoto, kamba ikawa inakimbia kutoka hapo mpaka kwenye boti na boti ikaelekea kisiwani. Kisiwa ni kilekile kidogo lakini sasa jicho lina njia ya kukifikia. Kati ya zote za asubuhi ile niliyobaki nayo ni hiyo moja.

Sasa kama pale ulipo hakuna kabisa cha kuweka mbele, uko kwenye dirisha la jengo au juu ya ukuta na huwezi kusogea, basi ondoa 0.5, rudi kwenye 1x au hata 3x uuchukue mlima wenyewe. Hakuna ubaya wowote.

Mbona watu wa pembeni wananenepa na vichwa vinavutika?

Hii ilinitokea kwa mama mdogo. Tulikuwa familia nzima kwenye ngazi, watu kumi na kitu, nafasi ya kurudi nyuma hakuna, nikatumia 16 nikambana yeye pembeni kabisa. Alipoiona akaishika simu kimya muda mrefu kidogo halafu akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni mimi kweli?" Sura imevutika kwenda pembeni, bega limekuwa kama la mtu mwingine. Niliifuta mbele yake na nikajifunza.

Kinachotokea ni hiki. Lenzi za kawaida zinalazimisha mistari iliyonyooka ibaki imenyooka, na gharama yake inalipwa na vitu vya pembeni, vinavutwa kuelekea nje. Kwa lenzi ya 16 ukingoni kabisa kushoto na kulia mpira wa duara unatoka kama yai, umerefuka mara moja na nusu, na kwa 14 ni zaidi ya hapo. Ubora wa lenzi hauhusiki, hata ukinunua ya gharama kubwa kuliko zote yai utalikuta palepale.

Kuna jaribio zuri sana nalipenda kuwaonyesha watu. Fungua picha ya lenzi ya 14 isiyokatwa kwenye skrini yenye upana wa sentimita 60, ijae yote. Funga jicho moja, weka lile jingine mbele ya katikati ya picha, umbali wa sentimita 23 hivi kutoka kwenye kioo. Bila kusogeza kichwa zungusha jicho uangalie pembeni. Lile yai linarudi kuwa mpira! Kwasababu umeweka jicho palepale lenzi ilipokuwa. Sasa kwenye simu, ukiishika kulala, umbali huo unakuwa kama sentimita 4 tu, na hakuna binadamu anayeangalia simu hivyo, ndo maana kila mtu anaona mvuto.

La kufanya: watu waweke kwenye theluthi ya katikati, pembeni acha ukuta, miti, mawingu, vitu ambavyo vikivutika hakuna atakayelalamika. Kama ni kundi kubwa rudi nyuma utumie lenzi ya kawaida, hata ikibidi uwapange safu mbili. Na kamwe usimpige mtu uso kwa karibu na hii lenzi kutoka juu, pua inakuwa mbele na miguu inakuwa ya mtoto, isipokuwa kama wenyewe mmekubaliana mnataka hivyo.

Majengo yote yanaangukia nyuma, nirekebisheje?

Umeinua kamera juu. Kamera ikiwa wima sawasawa nguzo zinasimama, ukiinua hata kidogo zinaanza kukutana juu, na kwa lenzi pana hiyo "kidogo" inaonekana sana. Washa ile gridi kwenye simu au kamera, washa na kipimo cha usawa kama kipo, weka mstari wa katikati usawa wa macho yako. Jengo likikatika juu geuza kamera isimame, utapata urefu bila kuinua.

Au fanya kinyume chake kabisa, inua mpaka mwisho, lala chini uangalie dari au matawi ya miti, hapo mistari yote inakimbilia katikati na inapendeza. Kinachoharibu ni ile nusunusu.

Unaweza kunyoosha baadaye kwenye kuediti lakini programu inavuta sehemu ya juu na kukata pembeni, kwahiyo kama unajua utanyoosha acha nafasi ya ziada kila upande.

Jicho la samaki ni kitu kilekile?

Hapana. Jicho la samaki linakubali mistari ipinde ili lipate upana zaidi, nyuzi 180 ni kawaida, na Nikon waliwahi kutoa ya milimita 6 yenye nyuzi 220, yaani inaona hadi nyuma yake. Jina linatokana na mwanafizikia wa Marekani Robert W. Wood ambaye mwaka 1906 alieleza namna samaki anavyouona ulimwengu wa juu akiwa chini ya maji. Ni tamu kwa picha moja mbili kwenye safari. Albamu nzima inachosha.

Fokasi niiweke wapi? Na tundu la lenzi?

Hapa lenzi pana inakuhurumia. Namba ya f ni kipimo cha tundu linalopitisha mwanga, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo. Kwa milimita 14 kwenye fulufremu ukiweka f/8 na fokasi kwenye sentimita 80 hivi, kila kitu kuanzia kama sentimita 40 mpaka mwisho wa dunia kinakuwa kikali cha kutosha. Kwa 16 fokasi iweke mita moja na kidogo, ukali unaanzia nusu mita. Ndo maana mi nikitembea mjini naiweka f/8, fokasi kwa mkono karibu na mita, halafu siigusi tena siku nzima.

Ukitaka kifundo cha kamba kilichoko sentimita 20 kiwe kikali pamoja na kisiwa, f/8 haitoshi, hata f/11 bado, piga mbili, moja fokasi karibu moja mbali, uziunganishe baadaye. Usikimbilie f/22, huko mwanga unapinda kwenye tundu dogo na picha nzima inalainika.

Jua likiingia kwenye fremu inakuwaje?

Litaingia tu. Lenzi inaona zaidi ya nyuzi mia, anga lote limo, utalikwepa wapi. Ukitaka lile jua la miale kama nyota bana tundu mpaka f/11 au f/16 na ulifiche nusu nyuma ya kitu, ukingo wa nguzo au jani. Idadi ya miale inatokana na visu vya tundu, vile vipande vinavyolibana, visu vikiwa shufwa miale ni idadi hiyohiyo, vikiwa witiri miale ni mara mbili, visu saba vinakupa miale kumi na minne.

Vile vidoti vya rangi vinavyotembea kwenye picha ni mwanga unaorukaruka ndani ya vioo. Jua likiwa nje kidogo ya fremu likinge kwa kiganja, ila angalia kiganja kisiingie. Na vumbi au tone la maji kwenye kioo, ambalo kwa lenzi nyingine usingeliona, hapa ukibana tundu jua likiwa mbele linatoka kama taa. Kitambaa kiwe kwenye mfuko wa shati, usikiweke kwenye begi.

Na kona mbona zina giza?

Mwanga unaofika kona umesafiri kwa mshazari, kwahiyo unafika mchache. Tatizo la zamani sana hili. Mwaka 1900 kampuni ya Goerz ya Ujerumani ilitoa lenzi inaitwa Hypergon, pana kupita kiasi kwa wakati wake, na ili kona zisiwe nyeusi waliweka mbele yake kidude cha umbo la nyota kinachozunguka, kinakinga katikati kwa muda ili kona zipate mwanga zaidi, halafu kinaondolewa. Leo programu inafanya kazi hiyo kwa kubonyeza tu, ila kwakuwa inaongeza mwanga kwa nguvu na chengachenga za kona zinapanda nazo. Bana tundu hatua mbili kwanza, mfano kutoka f/4 mpaka f/8, giza linapungua lenyewe. Mimi mara nyingi naliacha kidogo, linashikilia jicho ndani.

Filta ya polaraiza nibebe?

Kwa anga usibebe. Polaraiza inalifanya anga liwe bluu nzito kwenye ukanda ulioko nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Elekeza kidole cha shahada kwenye jua, fungua gumba, zungusha mkono, pale gumba linapopita ndo huo ukanda. Lenzi ya kawaida inaona kipande tu cha huo ukanda kwahiyo anga linatoka sawasawa, lakini lenzi pana inaona ukanda wote na vyote vinavyouzunguka, unapata doa la bluu iliyokolea katikati ya anga na huwezi kulifuta vizuri. Kwa kuondoa mng'ao kwenye maji au majani yaliyoloa bado inafaa, kama anga halimo. Na lenzi nyingi za kioo kilichovimba hazina hata nyuzi za kufunga filta ya kawaida.

Usiku, nyota?

Hapa kamera kubwa inaiacha simu mbali. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa kwahiyo ukiacha shata (kile kimlango cha mwanga) wazi muda mrefu nyota zinakuwa vistari. Watu wanagawa 500 kwa milimita za lenzi, kwa 14 unapata sekunde 35, lakini kwa sensa za sasa zenye pikseli nyingi hiyo imezidi, mi naishia 20. Anza na f/2.8, sekunde 20, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 3200, stendi imara, fokasi kwa mkono kwenye nyota moja kali ukiwa umekuza skrini. Kwenye simu tumia 1x na hali ya usiku uiegemeze kwenye jiwe, 0.5 iache.

Si bora nipige panorama tu?

Inategemea. Panorama inakupa upana bila kuupunguza mlima, huo ndo utamu wake, simamisha kamera wima upige picha sita saba zinazoingiliana kwa theluthi. Ila kitu cha karibu kitakatika vipandevipande na watu wanaotembea wanatoka na miguu mitatu. Mbali panorama, karibu ultrawaidi.

Kabla sijabonyeza niangalie nini?

Kona nne. Kila mara. Kidole, mkanda wa begi, ncha ya kiatu, mguu wa stendi, na kivuli chako mwenyewe kama jua liko mgongoni asubuhi au jioni. Mi nazungusha macho kutoka kona ya juu kushoto kama mshale wa saa, sekunde mbili tu.

Sasa kuposti. Picha pana kwenye simu inakuwa kaukanda, nifanyeje?

Hapa ndo kazi nyingi nzuri zinapofia, kwahiyo tulia.

Watu wanaangalia wakiwa wameshika simu wima. Picha ya kulala yenye uwiano wa 3:2 ukiiweka Instagram inakuwa pikseli 1080 kwa 720, ya kusimama ya 4:5 inakuwa 1080 kwa 1350, karibu mara mbili ya eneo. Enzi hizo mpaka Agosti 2015 ilikuwa mraba tu, hapakuwa na cha kuchagua, ila leo unachagua, na tangu 2025 inakubali hata 3:4 ambayo ndo uwiano ambao simu nyingi zinapigia. Na ukumbuke lile la mlima, kitu kilichokuwa kidogo kwenye kamera, kwenye skrini ya upana wa sentimita saba hakipo kabisa. Kifundo cha kamba kinaonekana hata kwenye kijipicha cha ukubwa wa ukucha, kisiwa peke yake hakionekani. Kwahiyo kusogea karibu kunasaidia mara mbili, wakati wa kupiga na wakati wa kuangaliwa.

Mambo ninayofanya mimi. Kila sehemu napiga ya kulala na ya kusimama, sio kukata baadaye, kwasababu ukikata 3:2 ya kulala kuwa 4:5 unabaki na nusu tu na kidogo ya upana, yaani umeilipia lenzi pana halafu umeutupa upana wote. Ya kusimama ukiikata inabaki na zaidi ya asilimia 80 ya urefu, acha tu hewa kidogo juu na chini.

Kama picha lazima iwe ya kulala kuna ujanja mzuri: ikate vipande viwili vya 4:5 uviposti vikifuatana, mtu anateleza kidole na picha inaendelea. Vipande viwili vya 4:5 vikikaa pamoja ni 1.6 kwa 1 na picha yako ni 1.5 kwa 1, unapunguza ukanda mwembamba tu juu au chini basi. Hakikisha mkato haupiti katikati ya uso wa mtu.

Rangi hifadhi kwa sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi za skrini, mingine inapausha picha kwenye baadhi ya simu. Na punguza mwenyewe kuwa upana wa 1080 kabla ya kupandisha ili uone itakavyotoka.

WhatsApp inaziua picha zangu, kona zote zinakuwa ukungu.

Inazibana ili zisile bando, na picha pana ndo inaumia zaidi kwasababu imejaa vitu vidogovidogo, majani, mchanga, mawimbi. Tangu 2023 kuna kitufe cha HD juu ya picha kabla hujatuma, kibonyeze. Ukitaka iende nzima kabisa itume kama faili, ile sehemu ya kuambatisha nyaraka. Lakini hapo kuwa makini, ikienda kama faili inabeba na taarifa zake zote, tarehe, kamera na mahali ulipopigia kwa GPS.

Hiyo ya GPS ni ya kuogopa?

Picha ya mlima hapana. Picha ya dirisha la chumba ulicholala leo, ndiyo. Mi nazima mahali kwenye kamera nikiwa nimefikia kwa watu, na zile za malazi naposti nikishaondoka. Kwenye sehemu nyeti pia, kiota cha ndege, maua adimu, pango ambalo bado halijachorwachorwa, naandika jina la eneo kwa ujumla tu. Nimeona sehemu ilivyokanyagwa ndani ya msimu mmoja baada ya picha kusambaa, na inauma.

Watu wanaoingia kwenye picha bila kujua?

Hili halizungumzwi na ni kubwa. Mtu aliyesimama ubavuni mwako anaona kamera inaangalia mbele, anajua hayumo. Kumbe yumo, nusu ya mwili wake iko pembeni mwa fremu tena amevutika kama mama mdogo wangu. Mama ananyonyesha, mtu anasali, mtu anakula, mtoto anaoga. Kwa lenzi ya 50 angekuwa nje, kwa 14 yuko ndani na hana habari. Basi jukumu ni lako. Kabla ya kupiga geuza kichwa kushoto na kulia uone nani yuko, salimia, muonyeshe kwa mkono kwamba unachukua eneo lote, subiri. Ukigundua baadaye kata, au usiposti. Watoto wa watu siposti bila mzazi kusema ndiyo, hata kama picha ni nzuri kiasi gani.

Naweza kuuza picha za majengo maarufu?

Angalia sheria ya nchi husika kwanza maana zinatofautiana sana. Mfano unaojulikana ni Mnara wa Eiffel, picha za mchana hazina shida lakini mataa yake ya usiku yanahesabika kama kazi ya msanii na matumizi ya biashara yanahitaji kibali. Kuposti zako za safari ni jambo jingine.

Nibebe lenzi gani moja?

Kama ni kutembea siku nzima, zumu ya 16 hadi 35 au ya 10 hadi 20 kwenye APS-C, nyepesi, f/4 inatosha. Kama unafuata nyota, ya 14 au 20 yenye f/2.8 au chini zaidi. Usibebe zote. Bega likichoka hutakaa chini mchangani.

Watu uliowapiga au vitu vyao, unawatumiaje?

Usiku uleule, kabla sijalala. Ukisema nitatuma nikifika nyumbani hutatuma, nimeshawakosea watu kwa hilo. Nahamisha kutoka kamera kwenda simu, narekebisha mwanga kidogo, natuma ikiwa HD.

Yule mzee mwenye boti alikuja pale ufukweni nikiwa bado nimekaa, akataka kuona nilikuwa napiga nini chini kule. Nikampa kamera. Aliangalia kwa muda, akaipeleka mbali na macho kidogo, halafu akaweka kidole kwenye kona ya chini kushoto, "Hiki kifundo nimefunga mimi jana jioni." Akaniomba nimtumie. Ile ya kusimama, alisema, ndo iliyoenea kwenye simu yake.